Kuhifadhi nakala na kurejesha data kwenye kishikwambi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu vishikwambi (wengi huviita tableti) vya Android pamoja na iPad. Majina ya menyu hubadilika kidogo kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, na kati ya toleo na toleo. Ukikwama, andika neno "nakala" au "backup" kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio. Vitufe vya iPad tumeviacha kwa Kiingereza kama vinavyosomeka kwenye skrini.

Nakala rudufu ni kitu gani, na inatofautianaje na kusawazisha?

Nakala rudufu ni data yako ilivyokuwa siku fulani, ikiwa imewekwa mahali pengine. Kusawazisha ni kama kioo: unachokifanya huku kinaonekana kule papo hapo. Ukifuta picha kwenye iPad huku iCloud Photos (huduma ya Apple ya kutunza picha mtandaoni) imewashwa, inafutika pia kwenye simu, kwenye kompyuta na kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni. Vivyo hivyo kwa Picha kwenye Google (Google Photos).

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza picha. Kishikwambi kinajaa, mwenyewe anajiambia "si ziko kwenye wingu", anafuta zote, na wingu nalo linatii. Kama lengo ni kupata nafasi, kwenye Picha kwenye Google tumia chaguo la kuongeza nafasi kwenye kifaa, ambalo huondoa faili zilizokwisha kupakiwa na kuziacha wingu. Kwenye iPad washa "Optimize iPad Storage". Usifute kwa mkono.

Ikiwa umeshafuta, angalia tupio mapema. Picha zilizofutwa kwenye iPad hukaa kwenye "Recently Deleted" siku 30. Kwenye Picha kwenye Google, picha iliyokuwa imehifadhiwa nakala hukaa kwenye tupio siku 60.

Ni vitu gani vinaingia kwenye nakala ya Android, na vipi haviingii?

Nakala ya akaunti ya Google huchukua orodha ya programu ulizosakinisha, mipangilio ya kifaa, manenosiri ya Wi-Fi, na, kwa kishikwambi chenye laini, SMS na historia ya simu. Huchukua pia data ya programu, lakini kwa masharti mawili: aliyeitengeneza programu awe ameruhusu, na data isizidi MB 25 kwa kila programu. Ndiyo sababu mchezo mmoja unarudi ukiwa hatua ile ile uliyoachia na mwingine unaanza upya. Programu za benki kwa kawaida huzuia jambo hili makusudi, kwa hiyo tarajia kuingia na kujisajili upya.

Visivyoingia ni vile ambavyo watu huvitegemea zaidi: PDF zilizoko kwenye folda ya Download, muziki, video ulizopakua, sauti ulizorekodi, hati ulizoandika na kuzihifadhi ndani ya kifaa. Hivi lazima uvipeleke mwenyewe kwenye Hifadhi ya Google (Google Drive), kompyuta au flashi.

Picha zina njia yake, na ndani yake kuna mtego. Programu ya Picha kwenye Google huanza kwa kupakia folda ya kamera peke yake. Picha za skrini, picha zilizotumwa kwa WhatsApp na zilizopakuliwa zimo kwenye folda nyingine, na kila folda huwashwa peke yake ndani ya mipangilio ya hifadhi nakala ya programu hiyo. Fungua orodha ya folda za kifaa leo uone zipi zimezimwa.

Na iPad je?

Nakala ya iCloud huchukua data ya programu, mipangilio, mpangilio wa skrini ya mwanzo, ujumbe, na picha ikiwa iCloud Photos imezimwa. Ikiwa imewashwa, picha haziingii kwenye nakala kwa sababu tayari ziko iCloud, na hali ni hiyo hiyo kwa anwani, kalenda na madokezo yanayosawazishwa.

Programu zenyewe hazinakiliwi. Wakati wa kurejesha, iPad huzipakua upya kutoka App Store. Programu iliyokwisha kuondolewa huko huenda isirudi kabisa, hata kama data yake imo kwenye nakala. Alama za vidole na uso haziingii pia, utazisajili upya.

Nawashaje hifadhi nakala kwenye Android?

1. Unganisha kishikwambi na Wi-Fi, kisha kichomeke chaji.
2. Fungua Mipangilio, gusa Google, kisha Hifadhi nakala. Kwenye baadhi ya vifaa iko chini ya Mfumo au Akaunti.
3. Hakikisha akaunti inayoonekana ni yako na unajua nenosiri lake. Ukikuta ni akaunti ya fundi au muuzaji aliyekiwasha kifaa mara ya kwanza, ongeza yako na uichague hapo hapo.
4. Washa swichi, kisha gusa Hifadhi nakala sasa.
5. Weka PIN, mchoro au nenosiri la kufunga skrini, kama hukuwa nalo.

Hatua ya 5 si pambo. Kuanzia Android 9, data ya programu husimbwa kwa njia fiche inayofungwa na PIN ya skrini. Siku ya kurejesha utaulizwa PIN ya kifaa cha zamani, kwa hiyo iandike mahali nje ya kishikwambi.

Baada ya hapo kazi hufanyika yenyewe, lakini si kila dakika: mfumo husubiri zipite angalau saa 24 tangu mara ya mwisho, kifaa kiwe kimetulia na kiwe kwenye Wi-Fi. Kishikwambi kinachozimwa kabisa kila usiku kinaweza kukaa wiki nzima bila nakala mpya.

Kwenye iPad?

Fungua Settings, gusa jina lako juu, kisha iCloud, kisha iCloud Backup. Washa, gusa "Back Up Now", na usubiri hadi tarehe na saa ya nakala ya mwisho ibadilike. Kuanzia hapo iPad hujinakili yenyewe ikiwa imechomekwa chaji, imefungwa skrini na iko kwenye Wi-Fi. Sharti moja likikosekana, hakuna kinachofanyika, na onyo huja baada ya wiki kadhaa.

Naambiwa nafasi ya wingu haitoshi. Ni lazima ninunue?

Si lazima. iCloud hutoa GB 5 bure. Google hutoa GB 15, ila hizo zinagawanywa kati ya Gmail, Hifadhi ya Google na Picha, na tangu Juni 2021 kila picha mpya unayopakia inahesabiwa.

Kwenye iPad, ingia iCloud, kisha sehemu ya hifadhi, kisha Backups, uchague kifaa chako. Utaona orodha ya programu na ukubwa wa kila moja. Zima zile zenye data inayopatikana kwingine: video zilizopakuliwa, vitabu vya sauti, programu za muziki. Angalia pia kama kuna nakala ya iPad au simu uliyokwisha kuiuza. Nakala kama hizo hula nafasi kimyakimya, na kuifuta moja mara nyingi kunamaliza tatizo.

Kwenye Google, anza na viambatisho vikubwa vya barua pepe (tafuta has:attachment larger:10M ndani ya Gmail), kisha video ndefu. Kumbuka kumwaga tupio. Faili iliyoko kwenye tupio bado inahesabiwa.

Unahamia iPad mpya? Fungua Settings, General, kisha "Transfer or Reset iPad", na uanze chaguo la kujiandaa kwa kifaa kipya. Apple hukupa nafasi ya muda bila malipo hata kama nakala yako inazidi GB 5, na nakala hiyo hukaa siku 21.

Nakala ya kwanza itachukua muda gani?

Piga hesabu kwa kasi ya kupakia, siyo ya kupakua. Kwenye intaneti nyingi kupakia ni kwa polepole zaidi. GB 1 ni kama megabiti 8,000. Ukiwa na GB 10 za kupakia na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, utahitaji sekunde 40,000, yaani zaidi ya saa 11. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, kazi hiyo hiyo inaisha kwa saa 2 na robo hivi.

Nakala ya kwanza iache ifanyike usiku. Zinazofuata huwa nyepesi kwa sababu hupakia yaliyobadilika tu. Kama unatumia bando la simu kwa njia ya kushirikisha intaneti (hotspot), jihadhari: kishikwambi kinaweza kuiona kama Wi-Fi ya kawaida na kulimaliza lote kabla ya asubuhi. Kwenye Android, fungua maelezo ya mtandao huo na uuweke kuwa unaopimwa matumizi; kwenye iPad washa "Low Data Mode" kwa mtandao huo.

Sina intaneti ya uhakika. Naweza kutumia kompyuta?

Unaweza, na kwa faili zako binafsi tunaona ni njia bora kuliko wingu: ni ya haraka, haina malipo ya mwezi, na unaona kwa macho kilichonakiliwa.

Kwa Android na Windows: chomeka kebo, fungua skrini ya kishikwambi, shusha arifa, gusa ile ya USB na uchague kuhamisha faili. Kwa kawaida kifaa huanza na kuchaji tu, na ndiyo maana kompyuta huonyesha folda tupu. Kisha nakili folda za DCIM, Pictures, Download, Documents, Music na Recordings. Mac haisomi vishikwambi vya Android moja kwa moja. Utahitaji programu ya ziada, au upitishie kwenye flashi.

Mambo matatu yanayoharibu kazi hii:

- Kebo ya kuchajia tu. Zipo nyingi, hasa zinazokuja na vifaa vidogo, na ndani hazina nyaya za data. Chaji inaingia, kompyuta haioni kitu. Badilisha kebo kabla ya kulaumu kishikwambi.
- Kukata badala ya kunakili. Muunganisho ukikatika katikati, faili inaweza kubaki nusu huku na nusu kule. Nakili kwanza, hakiki, kisha ndipo ufute ukitaka.
- Kunakili folda nzima yenye maelfu ya picha kwa mkupuo. Njia hii ya uhamishaji huchoka. Gawanya kwa mamia, au kwa mwezi.

Kwa iPad, kwenye Mac yenye macOS Catalina au mpya zaidi tumia Finder. Kwenye Windows tumia iTunes au programu ya Apple Devices. Chomeka, gusa "Trust" kwenye iPad na uweke nambari ya siri, chagua kuweka nakala zote kwenye kompyuta hii, weka tiki kwenye "Encrypt local backup", kisha "Back Up Now".

Kwa nini niweke tiki kwenye usimbaji ("Encrypt local backup")?

Kwa sababu nakala isiyosimbwa huacha nje manenosiri yaliyohifadhiwa, mipangilio ya Wi-Fi, historia ya tovuti na data ya afya. Baada ya kuirejesha utajikuta unaingia upya kila mahali.

Gharama yake ni nenosiri moja ambalo hakuna anayeweza kukurudishia. Ukilisahau, nakala ile haifunguki tena. Unachoweza kufanya ni kwenda Settings, General, "Transfer or Reset iPad", Reset, kisha "Reset All Settings", ambayo haifuti data yako ila huondoa nenosiri hilo kwa nakala zitakazofuata. Ya zamani imekwenda.

Napohamisha picha za iPad kwenda Windows, zinakatika na ujumbe wa hitilafu ya kifaa. Kwa nini?

Mara nyingi ni ubadilishaji wa umbizo. iPad hutunza picha kwa umbizo la HEIC na, ikiwa imewekwa "Automatic", huzigeuza kuwa JPEG wakati wa kuhamisha. Ubadilishaji huo ndio unaokwama. Ingia mipangilio ya Photos, shuka mpaka sehemu ya kuhamishia Mac au PC, na uchague "Keep Originals".

Ukiona picha zinazotokea kwenye kompyuta ni chache kuliko ulizonazo, angalia "Optimize iPad Storage". Ikiwashwa, picha nyingi kwenye iPad ni vivuli vidogo tu. Zenyewe ziko iCloud, na kebo haiwezi kuleta kisichokuwepo. Zipakue kutoka tovuti ya iCloud.

Flashi au memori kadi zinafaa?

Kwa kubebea, ndiyo. Kwa kuwa nakala pekee, hapana: ni vidogo, hupotea, na hufa bila dalili.

Kishikwambi chenye tundu la USB-C kinapokea flashi ya USB-C moja kwa moja; chenye micro-USB kinahitaji kiunganishi cha OTG, kinachokiwezesha kusoma vifaa vya USB. iPad inasoma flashi na diski za nje kupitia programu ya Files kuanzia iPadOS 13, na zile zenye tundu la Lightning zinahitaji kiunganishi chake. Diski kubwa ya kuzunguka mara nyingi haipati umeme wa kutosha kutoka kwenye kishikwambi. Dalili ni mlio wa tiki-tiki au kuonekana na kupotea. Tumia ya SSD (isiyo na sehemu zinazozunguka) au hub yenye umeme wake.

Umbiza flashi kwa exFAT, moja ya mifumo ya kupanga faili kwenye flashi. Mfumo wa zamani wa FAT32 haukubali faili inayofika GB 4, kwa hiyo video ndefu itakataliwa hata kama nafasi ipo tele.

Kuhusu memori kadi kuna swali moja la kujiuliza: iliwekwa kama hifadhi ya kubebeka au kama sehemu ya hifadhi ya ndani? Ikiwa ni ya pili, Android imeisimba kwa ufunguo ulio ndani ya kishikwambi hicho. Kishikwambi kikifa, kadi hiyo haisomeki popote, hata kama yenyewe ni nzima kabisa.

WhatsApp ya kwenye kishikwambi inahifadhiwaje?

Kwanza jua kishikwambi kina nafasi gani. Ikiwa ulikiunganisha na simu kwa kuchanganua msimbo wa QR, hicho ni kifaa kilichounganishwa tu. Nakala inafanywa kwenye simu, na huku hakuna cha kuhifadhi. Simu isipotumika kwa zaidi ya siku 14, kishikwambi kinatolewa kwenye akaunti.

Ikiwa namba ilisajiliwa kwenye kishikwambi chenyewe, fungua mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya gumzo, kisha hifadhi nakala, uchague akaunti na ratiba. Kwenye Android, nakala hii inahesabiwa ndani ya GB zako 15 za Google. Unaporejesha, yahitajika namba ile ile na akaunti ile ile ya Google, na nafasi ya kurejesha hutolewa wakati wa kusajili namba tu. Ukigusa kuruka, utalazimika kuondoa programu na kusajili upya.

Ukiwasha nakala yenye usimbaji wa mwisho hadi mwisho kwa nenosiri au ufunguo wa tarakimu 64, uandike. Ukiupoteza, mazungumzo yamepotea.

Nitajuaje kwamba nakala ni nzima?

Usiamini neno "imekamilika". Fungua kitu. Kwenye kifaa kingine ingia kwenye Picha kwenye Google au tovuti ya iCloud, tafuta picha ya wiki iliyopita na uicheze video moja hadi mwisho. Kwenye kompyuta, bonyeza folda ya asili na ya nakala, linganisha idadi ya faili na ukubwa, kisha fungua faili tano za hapa na pale. Kwa nakala ya Google, fungua programu ya Hifadhi ya Google, menyu, kisha Nakala, usome tarehe. Kwa iPad tazama tarehe chini ya "Back Up Now".

Tarehe ndiyo ushahidi. Tunashangaa ni mara ngapi mtu huwa na hakika kwamba "inajihifadhi yenyewe", na tarehe inasema miezi minne iliyopita.

Narejeshaje data kwenye Android?

Urejeshaji kamili hufanyika wakati wa kuandaa kifaa, kikiwa kipya au kimerudishwa hali ya kiwandani.

1. Chaji ifike angalau asilimia 50, na ukiache kwenye chaja.
2. Washa, chagua lugha, unganisha Wi-Fi.
3. Kwenye hatua ya kunakili programu na data, kubali. Kama kifaa cha zamani bado kinafanya kazi, kebo au Wi-Fi kati ya vifaa viwili hubeba zaidi ya nakala ya wingu. Kama hakipo, chagua nakala kutoka wingu.
4. Ingia kwa akaunti ile ile ya Google.
5. Chagua nakala kwa jina la kifaa na tarehe, kisha weka PIN ya kufunga skrini ya kifaa cha zamani.
6. Maliza hatua zilizobaki, uache programu zipakuliwe.

Kosa kubwa ni kuruka hatua ya 3 kwa haraka ya kukiona kifaa kipya. Kwenye vifaa vingi hakuna kurudi nyuma ila kufuta na kuanza tena. Watumiaji wa Samsung wana njia nyingine: programu ya Smart Switch inaweza kurejesha wakati wowote kutoka kadi, flashi au kompyuta, bila kufuta kifaa.

Na kwenye iPad?

iPad iliyokwisha kuandaliwa lazima ifutwe kwanza kwa "Erase All Content and Settings", ndani ya General, "Transfer or Reset iPad". Kisha kwenye skrini ya programu na data chagua kurejesha kutoka iCloud Backup, ingia, na uchague nakala kwa tarehe na ukubwa. Nakala ndogo kupita kiasi ni ishara kwamba siyo ile unayoitaka.

Ukirejesha kutoka kompyuta, zima Find My (huduma ya kutafuta kifaa kilichopotea) kwanza, la sivyo utakataliwa. Usichomoe kebo baada ya iPad kujiwasha upya. Subiri ionekane tena kwenye kompyuta.

Imerejesha, lakini picha na programu nyingi hazipo.

Subiri kabla ya kufanya lolote. Mipangilio hurudi kwanza, kisha programu na picha huendelea kushuka nyuma ya pazia kwa saa kadhaa, hata siku, kutegemea intaneti. Aikoni za kijivu maana yake zimo kwenye foleni. Kiweke chaji, kiache kwenye Wi-Fi, kisilale bila umeme. Kwenye iPad, ukurasa wa iCloud Backup huonyesha kama urejeshaji bado unaendelea. Anayekifuta na kuanza upya katikati hupoteza muda wote uliokwisha tumika.

Naambiwa nakala haiendani na kifaa hiki.

Nakala imetoka toleo jipya kuliko lililopo. Ya Android mpya hairejeshwi kwenye Android ya zamani, na iPad ni hivyo hivyo. Sasisha mfumo kwanza. Kwa iPad, iandae kama mpya, sasisha, ifute, ndipo urejeshe. Kama kifaa ni cha zamani mno kusasishwa, chukua unachoweza kupitia tovuti: picha, anwani na faili za wingu zinafunguka kwenye kivinjari chochote.

Skrini imevunjika na sina nakala. Bado nina nafasi?

Ikiwa kishikwambi kinawaka, ipo. Tatizo ni kufungua PIN, kwa sababu kikifungwa hakitoi data kwa kebo.

Kama picha inaonekana ila mguso haufanyi kazi, chomeka kipanya cha USB kwa kiunganishi cha OTG. Kishale kitatokea na utaandika PIN kwa kubofya. Kama skrini ni nyeusi kabisa, baadhi ya vishikwambi vyenye USB-C hutoa picha kwenye televisheni kupitia kiunganishi cha HDMI, lakini si vyote. iPad iliyokaa imefungwa zaidi ya saa moja huzuia vifaa vya USB mpaka ifunguliwe, na hapo njia ya uhakika ni kuweka skrini nyingine, hata ya muda, kwa ajili ya kutoa data tu. Mweleze fundi waziwazi kwamba unahitaji data, asikifute ili "kukijaribu".

Nimesahau PIN.

Kwa kawaida hakuna njia ya halali inayoondoa PIN na kuacha data kwenye vishikwambi vya sasa. Kinachobaki ni kufuta na kurejesha kutoka nakala. Kwenye iPad isiyo na kitufe cha mwanzo: chomeka kwenye kompyuta, bonyeza na kuachia kitufe cha sauti kilicho karibu na cha kuwashia, kisha kile cha mbali, halafu shikilia cha kuwashia hadi skrini ya urejeshaji itokee, uchague "Restore". Upakuaji ukizidi dakika 15, iPad hutoka kwenye hali hiyo. Subiri upakuaji uishe, kisha rudia.

Kama PIN unaijua na shida ni kukwama kwenye nembo, chagua "Update" badala yake. Hiyo huweka mfumo upya na hujaribu kuacha data mahali pake.

Ukishafuta utaulizwa akaunti ya awali, ya Google au ya Apple. Ni kinga dhidi ya wizi, na hata mwenye mali haipiti bila nenosiri.

Nimerudisha hali ya kiwandani bila nakala. Kuna programu ya kuokoa?

Hakuna. Hifadhi ya kishikwambi cha kisasa imesimbwa, na kufuta huko huharibu funguo. Vilivyobaki ni vumbi la tarakimu. Programu zinazodai kuokoa data baada ya hatua hiyo zitakula pesa na muda. Elekeza nguvu kwenye akaunti: barua pepe, picha za wingu, faili ulizowahi kumtumia mtu.

Nakala ya wingu hukaa muda gani nikiacha kutumia kishikwambi?

Ya Google inaweza kufutwa baada ya siku 57 za kifaa kutotumika, isipokuwa picha. Ya iCloud hubaki siku 180 baada ya kuzima au kuacha kuitumia. Kishikwambi kinachofungiwa kabatini kikisubiri fundi kinaweza kukuta nakala yake imeshaondoka.

Nauza kishikwambi. Nifanye nini baada ya kuhifadhi nakala?

Hakiki nakala, ondoa akaunti, ndipo ufute. Kwenye Android toa akaunti ya Google ndani ya Mipangilio kabla ya kurudisha hali ya kiwandani. Kwenye iPad, "Erase All Content and Settings" itakuomba nenosiri la Apple; liweke, kwani ndilo linaloondoa kufuli ambalo lingemzuia mnunuzi. Chomoa memori kadi na laini.

Nambari za kuthibitisha akaunti ziko kwenye kishikwambi hicho hicho. Je, zitarudi?

Inategemea programu. Google Authenticator inaweza kusawazisha nambari na akaunti tangu 2023, ikiwa umeingia ndani yake. Nyingine hazifanyi hivyo. Bila kujiandaa unajifungia nje: nakala iko kwenye akaunti, akaunti inadai nambari, nambari imo kwenye kifaa kilichokufa. Ingia kwenye ukurasa wa usalama wa akaunti ya Google, toa zile nambari 10 mbadala, zichapishe, uziweke pamoja na karatasi yenye PIN ya kishikwambi na nenosiri la nakala ya kompyuta. Kila moja hutumika mara moja tu, kwa hiyo kata mstari uliyokwisha kuitumia.